"Kutendesha" na "Laten": Uhakiki wa Mafunzo ya Kauli ya Kutendesha kwa Wasemaji wa Kiswahili cha Uvira Wanaojifunza Kiholanzi

1.0 Utangulizi

Kauli ya kutendesha ni mojawapo ya mada ambazo mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hudhani kuwa amezimaliza mapema. Huambiwa kwamba kitenzi kinapopewa kiambishi -ish- au -esh-, -iz- au -ez-, na wakati mwingine sauti moja tu kama -z- au -sh-, maana yake huwa "kumfanya mtu atende" jambo lililotajwa na mzizi. Hupewa mifano mitano au sita, hufanya zoezi, na somo hufungwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fasili hiyo ni finyu, na kwamba ufinyu wake hudhihirika waziwazi pale msemaji wa Kiswahili anapoanza kujifunza lugha nyingine ambayo nayo ina namna yake ya kutendesha. Lugha tuliyoichagua ni Kiholanzi, na msemaji tunayemzungumzia ni yule anayetoka Uvira na pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Uchaguzi huu si wa kubahatisha. Kiringye ni kijiji cha bonde la Ruzizi, upande wa kaskazini wa mji wa Uvira. Mtoto anayekulia huko huweza kusikia Kifuliiru nyumbani, Kiswahili sokoni na kanisani, Kifaransa shuleni, na Kirundi kutoka ng'ambo ya mto. Tangu vita vya mwaka 1996 watu wengi wa eneo hilo wamekimbia makwao. Wengine walipitia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Tanzania, na wapo waliofika Ulaya. Miongoni mwa hao wamo wanaojikuta Uholanzi, au katika sehemu ya Ubelgiji inayotumia Kiholanzi, wakitakiwa kujifunza lugha ya tano au ya sita. Uholanzi, sheria ya kuwaingiza wageni katika jamii iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 ilipandisha kiwango cha lugha kinachotakiwa kutoka A2 hadi B1. Katika kiwango hicho mwanafunzi hawezi kukwepa vitenzi vya kutendesha. Swali letu basi ni hili: je, maarifa ya sarufi aliyopewa mwanafunzi huyu juu ya lugha yake mwenyewe yanamsaidia au yanampotosha?

2.0 Kutendesha katika Kiswahili: fasili na mapungufu yake

Tuanze nyumbani. Fasili ya "kumfanya mtu atende" inatosheleza mifano kama hii:

(1) Baba alimlimisha kijana shamba la mpunga.
(2) Mchekeshaji aliwachekesha watu.

Lakini tutazame mifano mingine ambayo kila msemaji huitumia kila siku:

(3) Naomba unipishe.
(4) Jirani alinikopesha fedha.
(5) Mjomba ndiye aliyenisomesha.
(6) Nimeshonesha suruali kwa fundi.

Katika (3) msemaji haombi afanywe apite. Anaomba asizuiwe, yaani aachiwe njia. Katika (4) jirani hakumlazimisha mtu akope, alimwezesha. Katika (5) mjomba huenda hakuwahi kushika chaki, alilipa karo. Katika (6) fundi ndiye aliyeshona kwa mikono yake, na mwenye suruali aliagiza tu. Kwa hiyo kiambishi kimoja kinabeba kulazimisha, kusababisha, kuruhusu, kusaidia na kuagiza. Maana ipi ichukuliwe hutegemea mzizi wa kitenzi, hadhi ya wahusika, na mazoea ya jamii.

Hapa ndipo tunapoona kasoro ya kwanza ya mafunzo yetu. Vitabu vya sarufi, kuanzia vile vilivyoandikwa na wageni kwa ajili ya wageni, kikiwamo kile mashuhuri cha E. O. Ashton cha mwaka 1944, hadi vile vilivyoandikwa na wataalamu wetu kwa Kiswahili, kama Sarufi Maumbo ya Kiswahili Sanifu ya Kihore, Massamba na Msanjila ya mwaka 2001, vimefanya kazi kubwa na ya kusifiwa katika kueleza umbo. Lakini desturi ya darasani imekuwa kuchukua umbo na kuliwekea fasili moja ya maana. Mwanafunzi hutoka akijua kwamba waka huzaa washa na lala huzaa laza, bila kuulizwa hata mara moja: ni nani aliyetaka tendo litendeke, na je, mtendeshwa alikuwa na hiari?

Kasoro ya pili inawahusu hasa wasemaji wa Kongo. Kiswahili cha Uvira, kama kile cha Bukavu na Lubumbashi, kina maumbo ambayo mwalimu wa Kiswahili sanifu huyakata kwa wino mwekundu. Mfano ulio wazi ni kutosha. Katika Kiswahili sanifu kutosha ni kuwa kwa kiasi kinachohitajika. Katika Kiswahili cha Kongo kutosha ni pia kutoa kitu mahali: mtu hutosha fedha mfukoni au hutosha mtoto majini. Je, hili ni kosa? Kama waka huzaa washa, anguka huzaa angusha na kumbuka huzaa kumbusha, basi toka kuzaa tosha ni kanuni ileile iliyofuatwa kwa uaminifu kuliko ilivyofuatwa na Kiswahili sanifu. Mfano mwingine ni kutumikisha, ambalo Kongo hutumika kwa maana ya kutumia chombo au kumwajiri mtu, kwa kuwa kutumika huko ni kufanya kazi. Mwanafunzi anayejua kutosha na kutumikisha anajua kanuni ya kutendesha vizuri kabisa. Tukimwambia kwamba hajui lugha yake, tunamnyang'anya chombo alichokuwa atumie katika kujifunza lugha ya wengine.

3.0 Kiholanzi: vitenzi vidogo viwili

Kiholanzi cha leo hutendesha hasa kwa vitenzi viwili vinavyofuatwa na kitenzi kingine kisichonyambuliwa: laten na doen. Kitenzi laten peke yake ni kuacha. Doen peke yake ni kufanya. Kwa mtazamo wa haraka, mwanafunzi wa Kiringye angefurahi. Naye anacho kitenzi cha kuacha, na katika Kiswahili chake cha kila siku husema leka aende, pale Kiswahili sanifu kinaposema mwache aende. Angetarajia kwamba laten ni leka na doen ni kiambishi chake -ish-. Matarajio hayo yakishaingia kichwani, makosa huanza.

Tutazame mifano hii, ambayo tumeitunga kwa ajili ya mjadala:

(7) De moeder laat het kind slapen. (Mama anamwacha mtoto alale.)
(8) Ik laat mijn fiets repareren. (Ninatengenezesha baiskeli yangu.)
(9) Hij laat de arbeiders het veld bewerken. (Anawalimisha vibarua shamba.)
(10) Zij laat mij de foto zien. (Ananionyesha picha.)
(11) Laten we gaan. (Twende.)

Katika (7) laten ni ruhusa: mtoto ana usingizi, na mama hamwamshi. Katika (8) ni kuagiza huduma, na fundi hatajwi kabisa. Katika (9) ni amri au ajira. Katika (10) laten zien, ambayo kwa neno kwa neno ni "kuacha kuona", ni kuonyesha tu. Katika (11) hakuna kuacha wala kufanya; ni mwito ambao Kiswahili huutimiza kwa kiishio -e bila kitenzi kingine chochote. Tena, wazee na watu wa Flanders huweza kusema laat ons gaan, nayo inaweza kuwa "twende" au "tuacheni twende zetu". Mtu aliyefungiwa mlango na mtu anayewaalika rafiki zake matembezini wanaweza kutamka sentensi ileile.

Kwa upande wa doen, matumizi yake katika Kiholanzi cha leo ni machache zaidi, na mara nyingi kiima chake si mtu:

(12) De zon doet het ijs smelten. (Jua linayeyusha barafu.)
(13) Dat doet mij denken aan Uvira. (Hilo linanikumbusha Uvira.)

Wataalamu Arie Verhagen na Suzanne Kemmer, katika makala yao ya mwaka 1997, walieleza tofauti hii kwa ufasaha. Kwa maoni yao, doen huonyesha usababishi wa moja kwa moja: chanzo kinaleta tokeo bila nguvu nyingine kati. Laten huonyesha usababishi usio wa moja kwa moja: kati ya mwenye kuanzisha jambo na tokeo ipo nguvu nyingine, mara nyingi akili na mikono ya mtu wa pili. Ndiyo maana kuruhusu na kuamuru vyote hukaa ndani ya laten, kwa kuwa katika hali zote mbili mtendeshwa ndiye anayetenda hasa. Baadaye, mwaka 2013, Natalia Levshina pamoja na Dirk Geeraerts na Dirk Speelman walionyesha kwamba mipaka hii haifanani pande zote za mpaka wa nchi: Ubelgiji hutumia doen kwa wingi zaidi kuliko Uholanzi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyefundishwa Antwerpen na yule aliyefundishwa Rotterdam wanaweza kutofautiana, na wote wakawa sahihi.

Hoja ya Verhagen na Kemmer tunaikubali kama maelezo ya Kiholanzi. Lakini kwa mwanafunzi na kwa mkalimani haitoshi. Kuziweka ruhusa na amri katika chumba kimoja ni sawa kwa mwenye nyumba, ambaye anajua kipi kiko wapi. Mgeni anayeingia gizani anahitaji taa. Nadharia imetueleza kwa nini ruhusa na amri zinakaa pamoja. Haikutueleza msikilizaji anazitenganishaje. Hapo ndipo kazi ya sarufi linganishi inapoanza.

4.0 Undugu uliofichika

Kabla ya kuingia katika jambo zito, inafaa kutaja ulinganifu mmoja ambao walimu wa pande zote mbili wameupuuza, nao ungewafaa sana wanafunzi. Kiholanzi kina jozi chache za vitenzi ambazo hazihitaji laten wala doen:

(14) zitten (kukaa) – zetten (kukalisha, kuweka)
(15) liggen (kulala chali au ubavu) – leggen (kulaza)
(16) drinken (kunywa) – drenken (kunywesha mifugo)
(17) vallen (kuanguka) – vellen (kuangusha mti)

Jozi hizi ni mabaki ya kale. Katika lugha mama ya Kijerumani cha kale na ndugu zake, kitenzi cha kutendesha kilipatikana kwa kuongeza kiambishi chenye sauti y baada ya mzizi wenye irabu a, ile ambayo bado inasikika katika zat (alikaa) na lag (alilala). Sauti hiyo ya y iliivuta irabu a ikawa e, kisha yenyewe ikatoweka. Kilichobaki ni alama ya kidole chake.

Sasa turudi katika Kibantu. Yvonne Bastin, katika uchunguzi wake wa mwaka 1986 uliotoka Tervuren, alionyesha kwamba viambishi vya kutendesha vya Kibantu vinarudi nyuma hadi maumbo mawili ya kale, moja fupi lenye irabu ya juu ya mbele, jingine refu. Lile fupi ndilo lililogeuza konsonanti za Kiswahili: lewa ikawa levya, ogopa ikawa ogofya, pona ikawa ponya, lala ikawa laza, waka ikawa washa. Kiholanzi kilipata badiliko katika irabu, Kiswahili katika konsonanti. Lakini mgeuzaji ni wa namna moja, sauti nyembamba ya mbele iliyokuja baada ya mzizi. Lugha hizi mbili hazina nasaba yoyote. Hata hivyo mwanafunzi anayeambiwa kwamba vallen kwa vellen ni kama anguka kwa angusha, na kwamba zote mbili hutumika kwa mti, hatazisahau tena.

Tofauti ni kwamba mlango huo umefungwa katika Kiholanzi. Hakuna anayeweza leo kuunda jozi mpya. Katika Kiswahili mlango u wazi. Pengo hilo ndilo linalosababisha mwanafunzi atafute umbo pasipo na umbo. Aone kwamba Kiholanzi husema lenen kwa kukopa na kwa kukopesha, na leren kwa kujifunza na kwa kufundisha. Anayetaka kujua nani anadaiwa na nani anadai hataliona jibu ndani ya kitenzi. Ataliona katika viunganishi aan (kwa, kumpa) na van (kutoka kwa). Lakini panga na pangisha zinatengana vizuri kama huren na verhuren. Haya ni mambo ya fedha na ya nyumba, na mgeni akiyakosea hulipa.

5.0 Nani alitenda, nani alitendeshwa

Tufike sasa katika kiini cha makala haya. Tuchukue sentensi moja fupi:

(18) Ze lieten ons lopen.

Sentensi hii inaweza kuwa "walituachilia, tukaenda zetu". Inaweza pia kuwa "walitutembeza kwa miguu". Ukiongeza drie dagen (siku tatu), maana ya pili hushinda. Bila nyongeza, maana ya kwanza iko karibu. Kwa Kiswahili cha Uvira hakuna utata wowote: walituleka tuende ni jambo moja, walitutembeza siku tatu ni jambo jingine. Mtu aliyefikwa na jambo la pili, na maneno yake yakaandikwa kwa namna inayosomeka kama la kwanza, amepoteza ushahidi wake.

Suala hili si la kufikirika tu. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 15 Desemba 1980 kuhusu wageni, pamoja na marekebisho yake, inaelekeza kwamba mwomba hifadhi anayehitaji mkalimani hachagui lugha ya kesi yake. Mamlaka ndiyo huamua kama itakuwa Kifaransa au Kiholanzi. Kwa hiyo Mfuliiru ambaye hakuwahi kusikia Kiholanzi hadi aliposhuka kwenye ndege anaweza kukuta maisha yake yameandikwa kwa Kiholanzi. Uholanzi hali ni hiyohiyo, kwani mahojiano ya kina ya mwomba hifadhi huandikwa kwa lugha ya nchi. Kati ya mdomo wa msimulizi na karatasi ya mwandishi yupo mkalimani, na katika mkono wa mkalimani lipo laten.

Lakini tatizo la laten si utata pekee. Lipo jingine la kimuundo, na hili kwa maoni yetu ndilo kubwa. Kiswahili kinaruhusu kauli ya kutendwa ijengwe juu ya kauli ya kutendesha:

(19) Tulibebeshwa mizigo.
(20) Wazee wetu walilimishwa pamba.

Mpangilio huu wa viambishi, -ish- kisha -w-, ni wa kawaida kiasi kwamba hatuuoni. Lakini tuutazame unafanya kazi gani. Unamweka mtendeshwa mahali pa kiima, yaani mwanzoni mwa masimulizi, kwa kuwa habari ni yake. Papo hapo unashikilia kwamba yuko mwingine aliyeamuru, hata kama hatajwi jina kwa kuwa hajulikani au kwa kuwa kumtaja ni hatari. Mbeba mzigo ni sisi. Mwenye lawama si sisi. Mambo yote mawili yamo ndani ya neno moja.

Kiholanzi hakiwezi kufanya hivyo kwa laten. Hakuna kauli ya kutendwa ya laten yenye maana ya kutendesha. Sentensi ya namna hiyo haisemeki. Mfasiri ana njia tatu. Anaweza kugeuza sentensi na kumtafuta mtenda: ze lieten ons lasten dragen, na hapo inambidi aseme "wao" hata kama msimulizi hakuwataja. Anaweza kutumia moeten: wij moesten lasten dragen, "ilitubidi kubeba mizigo", na hapo mwamrishaji ametoweka, kwa kuwa hata mvua, njaa au wajibu wa nyumbani huweza kumbidisha mtu. Au anaweza kutumia kitenzi cha kulazimisha: wij werden gedwongen lasten te dragen, "tulilazimishwa kubeba mizigo". Njia hii ya tatu ndiyo sahihi zaidi kwa (19), lakini ni nzito, ina maneno mengi, na mkalimani mwenye haraka hukimbilia ya pili.

Mfano (20) nao una historia yake. Katika Kongo ya Kibelgiji kilimo cha lazima kiliwekwa kwa sheria mwaka 1917, na pamba ilikuwa mojawapo ya mazao yaliyohusika. Bonde la Ruzizi nalo lilikuwa nchi ya pamba. Kiswahili kinapolitaja jambo hilo kwa neno walilimishwa, kinatoa hukumu ambayo wij moesten haitoi. Tukumbuke pia kwamba Mkataba wa Koloni wa mwaka 1908 uliagiza sheria zitangazwe kwa Kifaransa na kwa Kiholanzi cha Flanders. Johannes Fabian, aliyefundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Amsterdam, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi miongozo ya Kiswahili ya Kongo ya wakati huo ilivyotungwa kwa ajili ya kuamrisha. Mgeni alijifunza Kiswahili ili atumikishe. Leo mjukuu wa aliyetumikishwa anajifunza Kiholanzi ili asikilizwe. Sarufi inayomfaa mmoja haiwezi kumfaa mwingine.

Haki inatutaka tuseme pia upande wa pili. Kiswahili nacho huficha. Sentensi kama aliniandikisha haielezi kama niliandika kwa hiari au kwa kushikiwa bunduki. Na askari anayesema tuliwapisha huweza kuwa na maana kwamba aliwafungulia njia, au kwamba aliwaondosha njiani. Hatudai kwamba lugha moja ni nyofu na nyingine ni ya hila. Tunadai kwamba mahali pa kuficha hapafanani, na kwamba mwalimu analazimika kuvijua vificho vya pande zote mbili.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uhakiki huu tunapendekeza mambo manne kwa waandishi wa vitabu na walimu.

Kwanza, fasili ya kauli ya kutendesha katika masomo ya Kiswahili ipanuliwe. Pamoja na umbo, mwanafunzi afundishwe kuuliza maswali matatu: nani alitaka, nani alitenda kwa mikono yake, na je, angeweza kukataa? Kwa maswali hayo kupisha, kukopesha, kushonesha na kubebesha vitatengana vyenyewe.

Pili, laten isifundishwe kama tafsiri ya neno moja. Ifundishwe kwa njia tano za Kiswahili: acha au leka kwa ruhusa, -ish- ya kuagiza kwa huduma ya fundi, -ish- ya amri kwa kazi, neno moja lililokwisha kuzoeleka kama onyesha kwa laten zien na julisha kwa laten weten, na kiishio -e kwa laten we. Hapohapo mwanafunzi aonywe kuhusu wakati uliopita, kwa kuwa Kiholanzi husema ik heb mijn fiets laten repareren, kitenzi laten kikibaki katika umbo lake la msingi. Gelaten, ambayo kanuni ya jumla ingeidai, hapa ni kosa.

Tatu, wakalimani wa Kiswahili na Kiholanzi wafundishwe waziwazi jinsi ya kushughulikia -ishwa na -eshwa. Kanuni iwe kwamba pale kitendo kilipofanyika kwa shuruti, gedwongen itumike hata kama sentensi itarefuka. Na pale ambapo mkalimani hana hakika, amwulize msimulizi kabla ya kuchagua. Kuuliza ni sehemu ya kazi yake.

Nne, Kiswahili cha Kongo kiheshimiwe kama chanzo cha maarifa ya sarufi. Mkalimani aliyejifunza Kiswahili cha pwani peke yake akisikia walitutosha ndani ya nyumba anaweza kushindwa kabisa, au vibaya zaidi, akadhani kwamba watu walikuwa "wa kutosha" nyumbani, ilhali msimulizi anasema kwamba walitolewa nje. Kwa mwenye kuijua kanuni, neno hilo ni wazi kama washa na angusha.

7.0 Hitimisho

Tumeonyesha kwamba fasili ya "kumfanya mtu atende" haitoshelezi hata Kiswahili chenyewe. Kwamba laten ya Kiholanzi inakusanya ruhusa, agizo na amri kwa namna ambayo nadharia imeeleza vizuri lakini haijamsaidia mwanafunzi. Kwamba lugha hizi mbili zilipita njia zinazofanana katika kuunda vitenzi vyao vya kale. Na kwamba tofauti iliyo nzito kuliko zote ni uwezo wa Kiswahili wa kumfanya mtendeshwa awe kiima bila kumwondolea mwamrishaji lawama.

Mkulima wa Kiringye anayeketi leo katika darasa la Kiholanzi hajafika mikono mitupu. Amekuja na kiambishi ambacho Kiholanzi kilikipoteza zamani, na kwa kiambishi hicho anaweza kueleza kwa neno moja jambo ambalo kitabu chake kipya kinahitaji sentensi nzima. Wajibu wa mwalimu ni kumwonyesha jinsi ya kulivusha jambo hilo hadi ng'ambo bila kulidondosha majini.